Kanisa lililoishi kuliko kijiji chake: kisa cha Mtakatifu Martin, Wharram Percy

Kijiji cha Wharram Percy, katika vilima vya Yorkshire Wolds kaskazini mwa Uingereza, kilibaki bila wakulima wake karibu na mwaka 1500. Kanisa la kijiji hicho, la Mtakatifu Martin, liliendelea na ibada hadi 1949. Kwa takriban miaka 450 jengo hilo lilisimama bondeni bila kijiji, huku waumini wakilifuata kwa miguu kutoka ng'ambo ya vilima ili wabatizwe, wafunge ndoa na kuzika wafu wao.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kwa namna rahisi: watu walipoongezeka kanisa lilipanuliwa, walipopungua likapunguzwa, walipokwisha likaanguka. Simulizi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haitoshi, na kwa maoni yangu inaficha jambo kubwa zaidi. Ukitaka kuelewa kwa nini kanisa la parokia ya shamba linajengwa, linabomolewa na kujengwa tena, usianze kwa kuhesabu vichwa. Anza kwa kuuliza ni nani, katika kila kizazi, aliyewajibika kulilipia.

Tunajuaje haya

Mwaka 1948 Maurice Beresford, mwanahistoria wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Leeds, alifika Wharram Percy akiwa na swali la vijiji vilivyotoweka. Mwaka 1950 alianza kuchimba, na mwaka 1952 akaungana na mwanaakiolojia John Hurst. Tangu hapo kazi ilirudiwa kila kiangazi hadi 1990. Kwa miaka 40 watu waliojitolea walikuja mwezi wa Julai, wakapiga mahema, wakachimba kwa mikono. Ni vijiji vichache sana vya zama za kati barani Ulaya vilivyochunguzwa kwa uvumilivu wa namna hiyo.

Zamu ya kanisa ilifika mwaka 1962 na ikaendelea hadi 1974. Kuchimba chini ya kanisa la parokia, ndani na nje, si jambo linalopatikana kirahisi. Kanisa linalotumika haling'olewi sakafu yake kwa ajili ya wasomi; wanaoabudu humo wanaona, kwa haki kabisa, kwamba wapendwa wao waliozikwa chini wana heshima yao. Kanisa la Mtakatifu Martin lilikuwa halina paa wala ibada, kwa hiyo likawa miongoni mwa makanisa ya kwanza ya parokia nchini Uingereza kusomwa kikamilifu kuanzia udongo wa chini hadi kilele cha ukuta.

Na ukuta nao unasomeka. Ukisimama upande wa kusini unaona matao ya mawe yaliyozibwa. Tao lililozibwa linakueleza mambo mawili kwa mpigo: hapa palikuwa na nafasi watu wakipita kwenda upande wa pili, na baadaye mtu aliamua kwamba upande huo wa pili hauhitajiki tena.

Kutoka miti hadi mawe

Chini kabisa wachimbaji walikuta mashimo ya nguzo. Wameyafasiri kuwa alama ya kanisa dogo la miti la karne ya 10, dogo kiasi kwamba familia chache tu zingelijaza. Juu yake, katika karne ya 11, likaja kanisa la mawe, nalo dogo, lenye sehemu mbili: ukumbi wa waumini na sehemu ya altare upande wa mashariki.

Msomaji wa pwani yetu atakumbuka Shanga, kisiwani Pate, ambako Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa Ijumaa katika miaka ya 1980 na kukuta mabaki ya misikiti ya miti ikifuatana, mmoja juu ya mwingine, kabla ya ule wa mawe. Watu wa Shanga na watu wa Wharram hawakuwahi kusikiana, na dini zao ni mbili. Walichofanana ni kukataa kuhama: walipopata uwezo wa kujenga kwa mawe, walijenga palepale ambapo wazazi wao walikuwa wamesujudu chini ya paa la miti. Mahali palikuwa pametakaswa na sala na makaburi, na jengo lilifuata mahali.

Karibu na mwanzo wa karne ya 12 kanisa lilijengwa upya kwa ukubwa mwingine kabisa. Ukumbi ukawa mpana, sehemu ya altare ikakuzwa, mnara ukasimama upande wa magharibi. Mwishoni mwa karne hiyo ukuta wa kusini ulitobolewa kwa matao, na bawa zima likajengwa ubavuni mwa ukumbi. Katika karne ya 13 upande wa kaskazini nao ukapata bawa lake, kisha hapo kaskazini ikaongezwa altare ya pembeni yenye chumba chake.

Fikiria kazi hiyo. Mawe mengi ni ya chaki, yanayopatikana katika vilima hivyo hivyo. Ni laini kuchonga lakini hayapendi baridi kali na maji. Ukuta wa zama hizo ulijengwa kwa nyuso mbili za mawe yaliyopangwa, na katikati kujazwa kifusi na chokaa. Kuutoboa matao huku paa likiwa juu kulihitaji mafundi, magogo ya kuegemeza na fedha.

Fedha za nani? Jibu la kwanza la watafiti lilikuwa idadi ya watu. Kijiji kilikua hadi kufikia nyumba zipatazo 40 kwenye kilele chake, na mabawa yalijengwa kuwapa nafasi. Jibu hili lina mantiki, ila lina kasoro mbili.

Kwanza, kanisa hili halikuwa la Wharram Percy peke yake. Parokia ilikuwa na vijiji vitano: Wharram Percy yenyewe, Raisthorpe, Burdale, Towthorpe na Thixendale. Kwa lugha ya parokia zetu, hivyo vingine vinne vilikuwa kama vigango. Ukitaka kupima kanisa kwa idadi ya watu, lazima upime kwa vijiji vyote vitano.

Pili, bawa la kanisa la zama za kati halikuwa nafasi ya kukaa tu. Lilikuwa mahali pa altare ya pili na ya tatu, pa kuombea marehemu, pa maandamano ya sikukuu, na mara nyingi pa kuzikia wenye mali. Familia ya Percy, ambayo jina lake limeganda kwenye kijiji, ilikuwa na nyumba ya mawe ya fahari hapo hapo katika karne ya 12. Bwana anayeishi mita mia chache kutoka kanisani anataka kanisa linalolingana na cheo chake. Mimi nayaona mabawa yale kuwa kazi ya mikono miwili iliyoshikana: parokia iliyokuwa inakua, na ukoo uliotaka kuonekana na kuombewa. Bila parokia bawa lingekuwa tupu. Bila ukoo lingechukua vizazi kukamilika, kama zinavyochukua kuta nyingi tunazozijua ambazo zimekaa kwenye lenta miaka kumi zikisubiri mabati.

Kupunguza jengo ni namna ya kulitunza

Tauni Kuu ilifika Uingereza mwaka 1348 na kuua watu wengi sana, Wharram ikiwemo. Wengi hadi leo wanasema kijiji kilikufa kwa tauni. Si kweli, na kazi ya Beresford ndiyo iliyoonyesha hivyo: kijiji kiliendelea kuwa na watu kwa karibu miaka 150 baada ya tauni. Kilichokimaliza ni sufu. Katika karne ya 15 kulisha kondoo kulilipa zaidi kuliko kulima nafaka, na mchungaji mmoja alitosha mahali palipohitaji familia kumi za wakulima. Ardhi ilikuwa imeshatoka kwa Percy na kuingia mikononi mwa ukoo wa Hilton. Tume ya serikali iliyochunguza kufukuzwa kwa wakulima mwaka 1517 iliandika kwamba pale Wharram Percy majembe ya kukokotwa manne yalikuwa yameachishwa kazi na nyumba nne zimeachwa ziporomoke. Hizo zilikuwa za mwisho.

Katika kipindi hicho, karne ya 15 na ya 16, mabawa yote mawili yalibomolewa. Matao yakazibwa. Baadaye, katika karne ya 17, sehemu ya altare nayo ilifupishwa. Kanisa likarudi kuwa jembamba kama lilivyokuwa kabla ya upanuzi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosoma kuta hizo kama habari ya kuporomoka tu. Jengo lililotelekezwa halizibwi matao. Kuziba tao ni kazi: unashusha paa la bawa kwa utaratibu, unachagua mawe mazuri, unayapanga kwenye tao ili upepo usiingie ukumbini. Waliofanya hivyo walikuwa wanaokoa kanisa. Walitazama paa walilokuwa wanalazimika kulitunza, wakatazama mifuko yao, wakakata kile wasichoweza kukibeba ili kilichobaki kiendelee kuishi. Na kiliishi kwa karne nne zaidi. Nawaheshimu watu hao kuliko hata waliojenga mabawa, kwa sababu kujenga kuna shangwe na jiwe la msingi, lakini kubomoa sehemu ya kanisa la babu zako kwa hekima hakuna anayekupigia vigelegele.

Sasa ule mgawanyo wa wajibu. Tangu karne ya 13 desturi ya kanisa la Uingereza ilikuwa hivi: mwenye haki ya zaka kuu za parokia ndiye anayetunza sehemu ya altare, waumini wenyewe ndio wanaotunza ukumbi, na kwa kawaida mnara pia. Jengo moja, paa linaloonekana moja, lakini walipaji wawili. Katika karne ya 14 haki za kanisa la Wharram zilipewa nyumba ya watawa wa Mtakatifu Agostino ya Haltemprice, karibu na Hull. Kuanzia hapo mwenye kupokea zaka hakuwa padri anayelala parokiani wala bwana wa kijiji. Alikuwa jumuiya iliyo mbali. Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa katika miaka ya 1530, haki za namna hiyo ziliingia kwa mfalme na kutoka hapo zikauzwa au kukodishwa kwa watu wa kawaida wenye fedha, ambao zaka kwao ilikuwa mapato kama kodi ya nyumba.

Ukilijua hilo, kufupishwa kwa sehemu ya altare kunaeleweka kwa namna nyingine kuliko kubomolewa kwa mabawa. Mabawa yalikuwa mzigo wa waumini, nao walikuwa wamepungua kweli: Raisthorpe, Burdale na Towthorpe navyo vilikuwa vinanyauka hadi kubaki mashamba. Sehemu ya altare ilikuwa mzigo wa mpokea zaka. Kwake kila hatua ya paa iliyoondolewa ilikuwa nafuu, na ibada ya Kianglikana baada ya Matengenezo ya Kiprotestanti ya karne ya 16 haikuhitaji tena nafasi ndefu ya mapadri na altare. Ninavyosoma mimi, upande mmoja walikata kwa kukosa, upande mwingine alikata kwa kubana matumizi.

Nyumba ya padri inatia mkazo jambo hilohilo. Iliteketea kwa moto mwaka 1553, na kujengwa kwake upya kukawa kesi. Nyumba bila mlipaji anayeeleweka huwa kesi kwanza, ndipo iwe jengo.

Kuhusu waliozikwa kuzunguka kanisa nitasema machache, ingawa wangestahili makala yao. Wachimbaji waliinua karibu mifupa ya watu 700, ya karne nyingi. Kwa kupima kemia ya mifupa ya watoto, watafiti waliona kwamba akina mama wa Wharram walinyonyesha kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Fuvu la mwanamume mmoja wa umri wa kama miaka 40, aliyeishi karibu na wakati wa kanisa la kwanza la mawe, lilikuwa limepondwa kwa pigo, kisha likafunguliwa kwa upasuaji, na mfupa ukapona. Kijiji kilichokuwa na kanisa la ukubwa wa chumba kilimpata mtu wa kumpasua kichwa akaishi. Naliandika hili kwa sababu tunapozungumzia mawe tunaweza kusahau kwamba waliolipia mawe hayo walikuwa watu wenye maarifa na upendo wao, na si takwimu za njaa na tauni.

1868, 1870 na mabati ya risasi

Kuanzia karne ya 16 hadi ya 19, kilicholiweka kanisa hai ni Thixendale. Kijiji hicho, kilomita zipatazo 5 kutoka bondeni, ndicho pekee kati ya vitano kilichobaki kijiji hasa. Watu wake walivuka vilima kila Jumapili, na walibeba majeneza kwa njia hiyohiyo. Reli kati ya Malton na Driffield ilipofunguliwa mwaka 1853 na kupita jirani, haikubadilisha chochote cha maana kwa parokia. Kituo kilikuwa mahali pengine na kijiji hakikurudi.

Kisha yakatokea mambo mawili katika miaka mitatu. Mwaka 1868 Bunge la Uingereza lilifuta ulazima wa kodi ya kanisa, ile waliyotozwa wakazi wa parokia kwa ajili ya matengenezo ya ukumbi. Tangu hapo paa la waumini lilitegemea hiari. Na mwaka 1870 Thixendale ikapata kanisa lake, Mtakatifu Maria, lililochorwa na msanifu G. E. Street na kulipiwa na Sir Tatton Sykes wa Sledmere, tajiri aliyejenga na kukarabati makanisa mengi katika Wolds.

Sina neno baya juu ya zawadi ya Sykes. Wazee na wajawazito wa Thixendale walikuwa na haki ya kusali karibu na nyumbani, na ninajua furaha ya kigango kinapopata kanisa lake. Ila ni lazima isemwe: siku kanisa la Thixendale lilipofunguliwa, kanisa la Mtakatifu Martin lilipoteza wengi wa watu waliokuwa wakilifikia kwa miguu, na walikuwa ndio hao hao ambao hiari yao ingeliezeka. Kufukuzwa kwa wakulima karibu na mwaka 1500 hakukuliua kanisa. Zawadi njema ya 1870 ndiyo iliyolifungulia njia ya mwisho. Kama mtu anatafuta tarehe moja ya kufa kwa kanisa hili, mimi ningetaja hiyo, ingawa ibada ziliendelea kwa miaka mingine karibu 80.

Baada ya ibada ya mwisho mwaka 1949 mambo yalikwenda haraka mno. Katikati ya miaka ya 1950 mabati ya risasi yaliyofunika paa yaliibiwa. Risasi ni metali nzito yenye bei, na kanisa lisilo na watu ni ghala lisilo na mlinzi. Mara paa lilipofunguka, maji yaliingia kwenye kile kifusi cha katikati ya kuta. Yakiganda wakati wa baridi hutanuka na kusukuma nyuso za mawe nje, na chaki hulegea na kumeguka. Mwaka 1959 upande wa magharibi wa mnara ulianguka. Jengo lililohimili tauni, kondoo na karne nne za upweke lilivunjika ndani ya miaka kumi tangu kufungwa.

Miaka hiyo kumi inaniuma kuliko karne zote nyingine za kisa hiki, kwa sababu haikuwa lazima. Paa la muda, hata la mabati ya kawaida, lingezuia maji. Lakini kwa nani? Waumini hawakuwepo. Kodi ya kanisa ilishafutwa. Dayosisi za Uingereza baada ya vita zilikuwa na makanisa mengi yaliyotobolewa na mabomu mijini, kukiwa na watu wanaoyasubiri. Na nchi haikuwa bado na chombo chochote cha kubeba kanisa zuri lisilo na waumini. Chombo hicho kilikuja mwaka 1969, ulipoanzishwa mfuko wa taifa wa makanisa yasiyotumika tena, ambao sasa unaitwa Churches Conservation Trust, na ambao umeokoa mamia ya makanisa ya aina hiyo. Kwa Wharram ulichelewa miaka kumi baada ya mnara kuanguka, na wakati huo sakafu ilikuwa tayari imefunuliwa na wanaakiolojia.

Kwa hiyo kuta zilitunzwa kama zilivyokutwa. Leo mahali pote, kanisa na alama za nyumba za kijiji kwenye majani, panaangaliwa na English Heritage, ambalo tangu 2015 ni shirika la hisani linalotegemea wanachama, michango na viingilio vya maeneo mengine. Mlipaji wa sasa si bwana wa ardhi, si mpokea zaka wala si muumini. Ni mtalii anayelipa kuingia kwenye ngome iliyo kilomita nyingi kutoka hapo, na sehemu ya fedha yake inanunua chokaa ya kuzuia maji yasiingie tena ndani ya kuta za Mtakatifu Martin.